Jaketi Lisilokauka

Majaketi yote yalikauka isipokuwa lile moja dogo.

Mama Kidoti aliligusa asubuhi akadhani ni umande. Akaligusa tena saa ya chai, akajiambia labda limetundikwa kivulini. Jua lilipofika utosini kamba nzima ilikuwa imekauka kau, mikanda inakwaruza kama makuti, na lile dogo la mtoto, jipya, alilolishona kwa mikono yake na ambalo halijaonja bahari hata siku moja, lilikuwa bado linadondosha maji. Tone. Tone. Mchanga wa chini yake ulikuwa umeshafanya kishimo.

"Kidoti, umelimwagia maji hili?"

Mtoto alikuwa chini ya meza ya cherehani, anaivalisha chupa tupu kipande cha mkanda. Hakusikia. Aliuvuta mkanda kwa nguvu zote za mikono yake midogo, akaiuliza chupa kwa sauti ya mama yake kabisa, "Inabana?" Chupa ikajibu kwa sauti nyembamba kwamba inabana. "Basi ndiyo sawa," Kidoti akaiambia, akaipiga bega.

Mama Kidoti alicheka, maana ndivyo alivyosema yeye na kila mteja wa yadi ile ya boti. Kazi yake ilikuwa kushona, kufua na kuvalisha majaketi ya kuokolea maisha. Watu walikuja kukodi boti wajifurahishe, naye aliwasimamisha mmoja mmoja mlangoni pa kibanda chake cha mabati, anavuta mkanda wa kifuani, anauliza, "Inabana?" Mteja akisema ndiyo, anapigwa bega. "Basi ndiyo sawa. Lisilobana halikuokoi."

Mumewe alikuwa dereva wa boti mojawapo. Mwenye yadi alikuwa kaka wa mumewe, mtu mnene mwenye sauti ya spika, na watu walimwita Sheria, kwa sababu ya ubao mkubwa alioupaka rangi pale langoni. Hakuna jaketi, hakuna safari. Mtoto akikanyaga gati, avae jaketi. Mwisho wa kucheza ni maboya mekundu. Na ya mwisho kabisa, ambayo Sheria aliikuta kwenye ubao wa zamani akainakili bila kuuliza: usivue jaketi mpaka mguu ukanyage mchanga. Madereva walimtania kwamba hata chooni kwake kumeandikwa mwisho wa kucheza ni wapi.

Sheria moja haikuwa ubaoni, na watu wa boti wote waliijua. Jaketi lililotolewa kwenye mwili wa marehemu halirudi kwenye misumari ya kutundikia. Hukatwakatwa na kuchomwa hapo hapo mchangani, siku ile ile, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Sasa Mama Kidoti alisimama mbele ya lile jaketi dogo, na kicheko kikamfia mdomoni taratibu, kwa sababu filimbi iliyofungwa begani mwa jaketi, ile ya kuitia msaada, ilikuwa inalia. Hapakuwa na upepo wa kuiliza. Ililia kidogo, kwa mapovu, kama mtu anayepuliza akiwa na maji kinywani.

Akakimbilia kibandani, akamkokota Kidoti kutoka chini ya meza, akaondoka naye mbali na kamba ile.

*

Hilo jaketi alijua limetoka wapi. Ndiyo maana alimwondoa mtoto.

Mwezi uliopita walikuja wasichana wa chuo kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Mwenye siku yake alikuwa mcheshi, mwembamba, ana mwanya. Mama Kidoti ndiye aliyemfunga mkanda. "Inabana?" "Inabana dada yangu, hata keki haitapita!" Wakacheka wote. Sheria mwenyewe ndiye aliyewaendesha, na walipombembeleza wavuke maboya mekundu kidogo tu, wapige picha, yule mtu wa ubao akavuka. Msichana akaruka majini na jaketi lake, amefungwa barabara. Hakuibuka.

Aliyevaa jaketi huelea. Hata akifa huelea. Yeye wapiga mbizi walimkuta chini kabisa, amesimama wima mchangani kama anayesubiri gari, na jaketi mwilini.

Basi jaketi lilitakiwa lichomwe. Lakini ilikuja habari kwamba mkaguzi atapita, atahesabu majaketi na viti, na safari hii anataka kila yadi iwe na la mtoto, na yadi haikuwa nalo. Sheria akaja kibandani na jaketi la marehemu mkononi.

"Shemeji, lichane hili, utoe sponji, ulikate ulishonee gamba jipya. Dogo, la mtoto."

"Shemeji, la marehemu huchomwa."

"Nani kasema? Nioneshe kwenye ubao."

"Si kila kitu kiko ubaoni, shemeji."

"Sponji haina kumbukumbu, mama. Sponji ni sponji. Mkaguzi akitufungia yadi, huyo Kidoti wako atakula hayo majivu?"

Mama Kidoti alishona. Alikuwa na kidato cha nne chake, alijua sponji ni nini. Ila mkasi ulipopita katikati, sponji ilikuwa nzito kama nyama, na ilitoa pumzi ndefu, hhhaaa, na kibanda kizima kikanuka matope ya chini, yale ambayo jua halijawahi kuyaona. Akajiambia ni unyevu. Akashona haraka haraka, akatia filimbi ile ile, kwa sababu nyingine hakuwa nayo.

*

Siku ya pili baada ya filimbi ile kulia, aliamshwa na vicheko. Familia iliishi vyumba viwili nyuma ya yadi, na madereva walishafika. Alipotoka aliwakuta wamejazana mlangoni pa kibanda chake, wanapigana mabega.

"Jamani, hata mbwa siku hizi anafuata sheria!"

"Mkaguzi akimwona huyu atampa cheo!"

Mbwa wa yadi, aliyeitwa Mlinzi ingawa hajawahi kulinda hata mfupa wake, alikuwa amelala ubavu chini ya cherehani. Amevaa lile jaketi dogo. Limefungwa vibano vyote, mikanda imevutwa hadi mwisho.

Mmoja akamsukuma kwa mguu, "Amka, nahodha." Mlinzi akabingirika, na vicheko vikakatika kama kamba. Kifua chake kilikuwa chembamba kama shingo ya chupa. Mbavu zilikuwa zimetoboa ngozi chini ya mikanda, nyeupe, zimechongoka, na ulimi umetoka wote, umevimba, na kutoka puani na kinywani yalikuwa yanamwagika maji, maji ya chumvi, mengi kuliko mbwa yule angeweza kubeba, yanatiririka sakafuni kwenye kibanda kikavu mpaka yakafika kwenye viatu vyao.

"Nani kamvisha?" Baba Kidoti aliuliza. Wote walikuwa wamesharudi nyuma.

Sheria alikuja, akaangalia. "Ni watoto wa mtaani, watundu. Zikeni huyo mbwa. Hilo jaketi lifuteni, mkaguzi yuko njiani siku yoyote."

Baba Kidoti hakulifuta. Kaka yake alipoondoka alilichukua kwa ncha ya kasia, akalitupa mchangani, akalimwagia petroli akawasha. Moto uliruka juu hadi wakarudi nyuma. Kisha ukazima wenyewe, fyuuu, kama umemwagiwa ndoo, na jaketi likabaki pale pale na rangi yake ya chungwa, linatoa mvuke, na filimbi ikalia mara moja.

"Umesikia?" Mama Kidoti alinong'ona.

"Usiseme kwa sauti."

"Baba Kidoti, linapumua."

"Nimekwambia usiseme." Alikuwa mwanamume wa kucheka na mawimbi, na sasa kiberiti kilimdondoka. "Nitalifungia stoo ya petroli. Wewe nenda kwa yule mama aliyemwosha msichana. Nenda sasa hivi. Kidoti nitakaa naye mimi."

*

Aliyeosha maiti za kike mjini pale aliitwa Bi Kafuri, kwa sababu harufu ya kafuri, ile wanayopakwa maiti, ilimtangulia popote. Alikuwa anaanua nguo uani.

"Karibu, mwanangu. Nikiona mtu anakuja kwangu kwa miguu yake nafurahi. Wengine wote huletwa."

Mama Kidoti hakuweza kucheka. Alimweleza yote kwa pumzi moja, jaketi, sponji, mbwa, moto, na alipofika kwenye kulikata jaketi la marehemu na kulifanya la mtoto, Bi Kafuri aliacha nguo zikaanguka.

"Mlilitia mkasi?"

"Shemeji alisema..."

"Yule msichana mbavu zake zilikuwa kama kikapu kilichokaliwa. Nilimgeuza nikaona alama. Mikono. Inatoka mgongoni inakuja mbele, mirefu, vidole vinakutana hapa." Akajigusa chembe cha moyo. "Jini la nje ya maboya halina kifua, mwanangu. Liliumbwa mikono na njaa. Linatafuta kifua cha kukaa ndani yake. Yule binti kifua chake kilivunjika, likabaki kwenye lile vazi. Nanyi mkalipunguzia vazi likawa la kadiri ya mtoto."

"Tufanye nini, bibi?"

"Lirudisheni kwao, mchana, likiwa wazi, halijafungwa kibano hata kimoja. Litupeni nje ya maboya mgeuke msiangalie nyuma. Moto hauliwezi maadamu lina mwenyewe ndani."

"Na mtu akiwa ameshalivaa?"

Bi Kafuri akazikusanya nguo zilizoanguka. "Mbebeni hivyo hivyo nalo. Alie, atapike, msimfungue. Miguu iguse mchanga kwanza. Nchi kavu hilo jini halina nguvu ya kuhama. Ila mkilifungua majini linahamia kifuani mwa aliyekuwa amelivaa."

"Ndiyo maana ule ubao..."

"Ubao wenu ule wa zamani ni mkubwa kwa umri kuliko huyo shemeji yako."

"Na akivuliwa majini, bibi? Kwa bahati mbaya?"

"Basi mniletee nimwoshe."

"Lakini wewe unaosha wafu."

"Najua ninachoosha," alisema Bi Kafuri, akaanza kutafuta viatu vyake. "Tangulia. Miguu yangu mizito, nitakukuta."

*

Alikimbia njia nzima, kanga mkononi, na alipoingia langoni jambo la kwanza aliloliona lilikuwa stoo ya petroli, mlango wake uko wazi, kufuli linaning'inia.

Baba Kidoti alikuwa anashuka kwenye gari la mafuta na madumu mawili. "Mkaguzi kaja," alisema, "kaka kanituma mafuta haraka, nimemwacha Kidoti na..." Akaona macho ya mkewe yanapoangalia, akageuka.

Boti ilikuwa imeshatoka gatini. Sheria alishika usukani, mkaguzi amekaa mbele na kofia yake, na katikati, ameshikilia ukingo kwa mikono miwili, kafurahi kama siku ya sikukuu, alikuwa Kidoti. Mtoto amekanyaga gati, amevishwa jaketi, kama ubao unavyosema. La rangi ya chungwa. Dogo. La kadiri yake.

"KIDOTI!"

Mtoto akamwona mama yake akampungia mkono.

Madumu yaliachwa pale pale, wakarukia boti ya pili, Baba Kidoti akavuta kamba ya injini, ikakohoa, akavuta tena, ikawaka, na Mama Kidoti akasimama mbele kabisa, aproni ya kazi bado kiunoni, mkasi wa kukatia mikanda unagonga paja lake kwenye mfuko, na alikuwa anasema mfungue usimfungue mfungue usimfungue bila kujua kwamba anasema.

Mbele yao boti ya Sheria ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye maboya mekundu. Waliona Sheria anazungusha usukani kushoto, anauzungusha wote, na boti haikugeuka. Akazima injini. Boti haikusimama. Ilipita kati ya maboya polepole bila sauti, kama inavutwa na mtu anayejua anakoipeleka, na ilipovuka tu Kidoti akapiga kelele.

Haikuwa kelele ya woga. Ilikuwa ya pumzi kukatika. Mikanda ilikuwa inajivuta yenyewe, Mama Kidoti aliiona kwa mbali ikiingia kama nyoka kwenye shimo, na uso wa mwanawe ukawa mwekundu kisha wa bluu, na Sheria, ambaye pamoja na mdomo wake wote alimpenda mtoto yule kuliko wanawe, akaacha usukani akaingiza vidole chini ya mkanda wa kifuani avute, na kibano kikafunga. Mlio wake ulivuka maji: kwaa, kama mtu avunjaye muwa. Sheria akauinua mkono wake, na vidole vitatu vilikuwa havipo, damu inaruka mbele ya macho yake, naye anaiangalia kwa mshangao kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Usimfungue, shemeji!" Mama Kidoti alipiga kelele. "Mlete huku! Usimfungue!"

Mkaguzi alijitahidi. Alimkamata mtoto kiunoni, na kitu ambacho hakikuonekana kikampiga usoni, kofia ikaenda huku na meno yakaenda huku, akaanguka ndani ya boti hakuinuka. Kisha Kidoti akasimama. Hakusimamishwa na miguu yake. Miguu ilikuwa inaning'inia. Alisimama wima juu ya ukingo, kichwa kimelala begani, filimbi inalia kwa mapovu karibu na sikio lake, akaingia majini miguu kwanza, wima, kama msumari, na maji hayakuruka hata kidogo.

Sheria akajitupa nyuma yake na mkono wake wa damu. Mama Kidoti akajitupa nyuma ya Sheria.

Maji yalikuwa ya kijani halafu ya kijivu halafu baridi, na mwanawe alikuwa anashuka mbele yake akiwa amesimama, nywele zake zimesimama pia, na Sheria amemshika kifundo cha mguu anavuta kwenda juu, anavuta kwa mkono mzima na ule mbovu, wingu la damu limewazunguka wote, na kutoka mgongoni mwa jaketi, kutoka kwenye mshono alioushona yeye, uzi wake, pindo lake la mara mbili, mikono ikatoka. Ilitoka mirefu, ya rangi ya matope, haina kiwiko, inatoka na inazidi kutoka, ikampita mtoto ikamzunguka Sheria kifuani kwa upole kama mama amchukuaye mwana, vidole vikakutana, na ikakaza, na Mama Kidoti alisikia, maana majini sauti hukujia mwilini mwote, mbavu za shemeji yake zikilia moja baada ya moja, akaona macho yake yakitoka, akaona pumzi yake yote ikipanda juu kwa povu moja kubwa jekundu, na kifua kile kipana kikawa si cha kukalia tena, kimevunjika, hakifai, na mikono ikamwachilia ikarudi taratibu, bila haraka, kwa kifua kilichobaki.

Miguu iguse mchanga kwanza. Aliyajua maneno yale. Aliyasikia masikioni kwa sauti ya Bi Kafuri, na mchanga wa chini ulikuwa mbali kwenye giza na mchanga wa pwani ulikuwa mbali nyuma yake, na uso wa mwanawe ulikuwa hapa, mdomo wazi, kidoti chake cha shavuni kimekuwa cheusi kwenye ngozi nyeupe, na mikono ilikuwa inamzunguka, vidole vinatafutana, na hakuna mama, hata aliyesoma hadi wapi, hata aliyeapishwa na nani, ambaye angesubiri. Akatoa mkasi. Akakata mkanda wa juu, akakata wa katikati, akajikata kiganja hadi mfupa hakusikia, akakata wa chini, akamtoa mtoto kwenye jaketi lile kama unavyotoa punje kwenye ganda.

Na mikono ikatoweka.

Kukawa kimya kote. Jaketi likampita usoni, likapanda juu peke yake, jepesi, linaelea, kwa mara ya kwanza tangu alishone.

*

Baba Kidoti aliwavuta ndani ya boti. Aliona mtoto yuko mikononi mwa mama yake, aliona gauni la mtoto bila jaketi juu yake, aliona jaketi linaelea kule. Alimlaza akambonyeza kifua, maji yakatoka, mengine yakatoka, na Kidoti akakohoa akafumbua macho akawaangalia wote wawili kama anajifunza nyuso zao.

Pwani watu walikuwa wamejaa. Mkaguzi aliteremshwa ameshikilia taya kwa mikono miwili. Wapiga mbizi walikwenda, wakarudi na Sheria, walimkuta amesimama. Na jaketi nalo likaletwa kwenye ncha ya kasia, likatupwa mchangani, likawashwa, likaungua kama karatasi. Halikubakiza hata jivu la kujaza kiganja.

"Limeungua!" madereva walishangilia, wengine wanalia. "Limekwisha! Limekwenda zake!"

Mama Kidoti alikuwa akiliangalia likiungua, na alikuwa peke yake kwenye umati ule aliyejua kwa nini linaungua.

Bi Kafuri alifika akihema, akasogeza watu. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akashika nyayo zake, akazipapasa, mchanga ulikuwa umeshazigandia. Akainua uso.

"Mlimvulia wapi?"

Baba Kidoti alitazama miguu yake mwenyewe.

"Mchangani, bibi," Mama Kidoti alisema.

"Mchangani?"

"Hapa. Hapa hapa ulipo. Muulize baba yake."

"Ndiyo," alisema Baba Kidoti, na hakuinua kichwa.

Bi Kafuri aliendelea kushika nyayo zile kwa muda mrefu. Kisha akaifuta mikono yake kwenye kanga, polepole, kama afanyavyo akimaliza kazi. "Haya. Mungu amkuze. Ukinihitaji unajua kwangu."

*

Walimzika Sheria. Yadi ilifungwa. Ubao ulibaki langoni, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuung'oa, na Mama Kidoti akawa anashona nguo za watu nyumbani, mlango wazi, ili Kidoti acheze pale anapomwona.

Mtoto alikuwa mzima. Alikula, alicheza, aliivalisha chupa yake. Majirani walisema amenenepa. Mama yake alijiambia hivyo hivyo kila asubuhi, mzima, mzima, mwanangu mzima, alipokuwa anaanika nguo, na kila adhuhuri alipokuwa anazianua. Mashuka yamekauka. Mashati ya Baba Kidoti yamekauka. Gauni dogo la Kidoti, lililoanikwa jana, na lile la juzi, na lile la siku iliyotangulia, yote yanadondosha. Tone. Tone. Alikuwa ameanza kuyaanika nyuma ya nyumba, ambako mume wake hapiti.

Siku moja alikuwa ameinama kwenye cherehani, jua liko utosini, mtaa umelala. Alisikia nyayo ndogo, chepe, chepe, nyayo zenye maji kwenye sakafu kavu. Harufu ya matope yale ya chini ikafika kabla yake. Hakugeuka. Alibaki na mguu kwenye pedali, na macho kwenye sindano, na kiganja chenye kovu juu ya kitambaa, na akasikia pumzi ya mwanawe nyuma ya shingo yake, na mwisho wa kila pumzi, mbali, ndani ya kifua kile kidogo, filimbi.

Mikono ikamzunguka. Ilikuwa mikono ya Kidoti, laini, ina harufu ya sabuni kwa juu, aliijua kuliko mikono yake mwenyewe. Ilimzunguka kifuani kutokea nyuma. Ilikuwa mifupi mno kufika, mtoto wa umri ule mikono yake haifiki, na vidole vikakutana.

Angeweza kupiga kelele. Majirani walikuwa ukuta wa pili. Wangekuja, wangeuliza, na mtu angekwenda kumwita Bi Kafuri, naye angekuja na ndoo yake.

Mama Kidoti akaiweka mikono yake juu ya ile midogo, akaishika.

"Inabana, mama?" aliuliza Kidoti sikioni mwake, kwa sauti ya mama yake kabisa.

Ubavu mmoja ukalia.

"Ndiyo," alisema, kwa pumzi iliyobaki. "Inabana, mwanangu."

Kidoti akampiga bega. "Basi ndiyo sawa."